Udongo wa Bonsai kwa Hali ya Dar: Vigae, Kokoto, Mkaa na Usumba

Bonsai yangu ya kwanza, yaani mti unaokuzwa chunguni ubaki mdogo, ilikuwa fikasi, mti wa jamii ya mitini. Ilikufa mwezi wa Mei, masika yakielekea ukingoni. Nilikuwa nimeipanda kwenye chungu bapa chenye kina cha sentimita 5, nikakijaza udongo mweusi uliochanganywa na samadi, ule unaouzwa kwa viroba na wauza maua wa kando ya barabara. Majani yakageuka manjano, yakapukutika. Nikadhani ni kiu, nikazidisha maji. Siku nilipoutoa mti, mizizi ilikuwa myeusi, laini kama tambi zilizopikwa zikapitiliza, na ilinuka mtaro.

Udongo ule haukuwa na kasoro. Utie kwenye tuta la mchicha, utakula na majirani utawagawia. Kosa lilikuwa kuuweka kwenye chombo kifupi, kisha mvua ikanyesha mfululizo. Naona miti mizuri ikifa hivyo hivyo kila mwaka hapa jijini, na maelekezo mengi yanamwambia mtu anunue akadama, udongo wa majivu ya volkano unaochimbwa Japani. Akadama ni nzuri kweli. Lakini kuileta ni gharama, na kuingiza udongo nchini ni suala la vibali vya afya ya mimea. Vitu vinavyoweza kufanya kazi hiyo vipo Dar, vingine vimetupwa jalalani.

Kabla ya kununua chochote: sifongo

Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, iloweke ijae maji kabisa, kisha ilaze bapa juu ya kiganja. Itachuruzika, halafu itaacha. Sasa isimamishe wima. Maji yataanza kutoka tena, ingawa hujaikamua.

Chungu kinafanya vivyo hivyo. Chini ya kila chombo hubaki tabaka la maji ambalo halitoki hata matundu yawe mengi kiasi gani, kwa sababu punje za udongo zimeyashika. Urefu wa tabaka hilo hautegemei kina cha chombo, unategemea ukubwa wa punje: zikiwa ndogo linakuwa refu, zikiwa kubwa linakuwa fupi. Kwenye ndoo ya lita 20, tabaka la sentimita 4 halina madhara, mizizi ina nafasi tele juu yake. Kwenye chungu cha bonsai cha sentimita 5, tabaka lile lile linaacha sentimita moja tu yenye hewa. Mizizi isiyopata oksijeni inaoza, na mizizi iliyooza hainyonyi maji. Ndiyo maana mti uliozama unaonekana kama wenye kiu.

Kwa sababu hiyo hiyo, acha ile desturi ya kutandika kokoto chini ya chungu ili maji yapite. Maji hayashuki kutoka kwenye punje ndogo kwenda kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake uwe umelowa pomoni. Kokoto zile zinalisogeza tabaka la maji juu zaidi, karibu na shina. Weka mchanganyiko mmoja kutoka chini hadi juu.

Kama umewahi kusimama na fundi anayechanganya zege, umeshaona siri yote. Ndoo moja ya kokoto ukiongeza nusu ndoo ya mchanga haifiki ndoo moja na nusu, kwa kuwa mchanga umeingia kwenye nafasi za kokoto. Fundi anataka nafasi hizo zizibwe. Sisi tunataka zibaki wazi. Kila uamuzi utakaoufanya kuanzia hapa ni wa kuzilinda hizo nafasi.

Hatua ya 1: Ujue mti wako, na ujijue mwenyewe

Mbuyu na adeniamu (waridi la jangwani) zinataka kukauka haraka. Fikasi, mkwaju, mkomamanga, mpera na bogenvilia zipo katikati. Mzambarau unapenda unyevu zaidi. Mvinje umezoea mchanga wa pwani na hausumbui.

Halafu tazama mahali. Roshani ya ghorofa inayopigwa na upepo wa kusi mchana kutwa inakausha chungu mara mbili ya ua wenye mwembe. Na tazama ratiba yako: anayetoka Mbagala saa 11 alfajiri na kurudi saa 2 usiku hawezi kumwagilia adhuhuri, kwa hiyo mchanganyiko wake lazima ushike maji kidogo zaidi kuliko wa mtu anayeshinda nyumbani. Hakuna mchanganyiko mmoja wa Dar nzima.

Hatua ya 2: Tafuta malighafi

*Vigae.* Hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote. Udongo uliochomwa vizuri una vitundu vidogo ndani yake, unafyonza maji na kuyatoa taratibu, na punje zake hazigeuki tope. Vipande vya vyungu, mitungi, matofali ya kuchoma, vigae vya paa, hata lile bakuli la udongo la ndani ya jiko la mkaa likishapasuka, vyote vinafaa. Mara ya kwanza nilipokwenda kwa mama mmoja muuza vyungu alinitazama kwa mshangao.

"Shikamoo mama. Nilikuwa naulizia vilivyovunjika."

"Marahaba mwanangu. Vilivyovunjika vya nini, na vizima vipo?"

Nilipomweleza kwamba ni vya kupandia mti mdogo, akaniruhusu kuzoa rundo zima lililokuwa nyuma ya kibanda, na tangu hapo ananiwekea. Kigae kimoja cha mtungi wake kina thamani kwangu kuliko kiroba cha udongo mweusi.

Ila vipime. Loweka vipande vichache usiku kucha, asubuhi vifinye kwa vidole. Kikimong'onyoka au kikigeuka tope, hakikuiva motoni, achana nacho. Matofali ya kuchoma yana tatizo hilo mara nyingi, hasa yale yaliyokaa pembeni mwa tanuri. Na usichanganye mambo: vipande vya tofali la saruji si mbadala, vina chokaa.

*Kokoto.* Kazi yake ni kutoa uzito na kulinda nafasi, yenyewe hainyonyi maji. Uliza zimetoka wapi. Kokoto za Lugoba, huko Chalinze, ni jiwe gumu la kijivu na zinafaa. Zile za Kunduchi ni za mawe ya chokaa. Kama muuzaji hajui, nunua ndimu: kamulia matone machache juu ya jiwe kavu, na likitoa mapovu lina chokaa. Siki inafanya kazi hiyo pia. Chokaa ikizidi, mti unashindwa kuchukua madini ya chuma. Majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Fikasi nyingi zinavumilia, ndiyo maana utaziona zimeota kwenye kuta za magofu ya pwani. Miti mingine haivumilii, na mimi sioni sababu ya kubahatisha wakati jiwe zuri lipo.

*Mawe ya volkano.* Ukiwa na ndugu Arusha, Moshi au Tukuyu, mwombe akuletee mfuko wa mawe mepesi yenye vitundu, mekundu, meusi au meupe. Jiwe lile la kusugulia visigino ni la jamii hiyo. Ukiyapata, yachukue mahali pa kokoto na utapata chungu chepesi kinachoshika maji vizuri zaidi.

*Chenga za mkaa.* Kila muuza mkaa anazo, chini ya gunia. Ni nyepesi, zina vitundu vingi, hazikandamizwi wala haziozi haraka. Sitii zaidi ya sehemu moja kati ya nane.

*Usumba.* Nyuzi na vipande vya makumbi ya nazi vinashika maji na bado vinaacha hewa. Kata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, usitumie unga wake. Makumbi yana chumvi, na yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba yana chumvi zaidi, kwa hiyo yaloweke kwenye maji yasiyo na chumvi usiku kucha, yamwage, urudie mara tatu. Mtu mwenye njia ya kupata magome ya misindano kutoka Mufindi anaweza kuyatumia badala yake, mradi yawe yamekaa miezi kadhaa.

Sasa vya kuacha. Mchanga wa bahari, hata ukiuosha. Mchanga laini wa mto na vumbi la kokoto, kwa sababu ya lile somo la zege. Udongo wa mfinyanzi ambao haujachomwa. Samadi mbichi. Vumbi la mbao linakula naitrojeni ya mti wakati linapooza, na zaidi ya hapo linaita mchwa. Nimewahi kuinua chungu nikakuta wamejenga ndani yake.

Hatua ya 3: Ponda, chekecha, osha

Hapa ndipo watu wengi wanachoka na kuruka. Usiruke. Nusu ya ubora wa mchanganyiko wako upo kwenye chekeche.

Lowesha vigae, vitie ndani ya kiroba, weka juu ya sakafu ngumu, ponda kwa nyundo. Kuvilowesha kunazuia vumbi, lakini vaa barakoa hata hivyo, na kitu cha kukinga macho. Usiponde mpaka unga, ponda kidogo, chekecha, rudisha vikubwa.

Unahitaji nyavu mbili zilizogongelewa kwenye fremu za mbao. Ya kwanza ni wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, kama ule wa mabanda ya vifaranga. Kisichopita hapo kinarudi kwenye nyundo. Ya pili ni wavu wa mbu wa dirishani. Kinachopita hapo ni vumbi, kipeleke kwenye bustani ya mboga. Kinachobaki katikati ndicho chako. Kwa mti usiozidi urefu wa sentimita 15 tumia punje za milimita 2 hadi 4, kwa mkubwa zaidi 4 hadi 6; ukitaka kuzitenganisha, ongeza wavu wa milimita 4. Jambo la kuzingatia ni punje zilingane. Chekecha vigae, kokoto na mkaa kila kimoja peke yake, na uache vikauke kwanza kwa sababu punje mbichi zinashikamana na vumbi.

Kisha osha kwenye beseni mpaka maji yatoke meupe. Mkaa uloweke siku nzima, la sivyo utaelea juu ya chungu siku ya kwanza ya kumwagilia.

Hatua ya 4: Changanya

Mimi napima kwa sado, wewe tumia kopo lolote, mradi liwe moja.

Kwa fikasi, mkwaju, mpera, mkomamanga na bogenvilia: vigae 4, kokoto au mawe ya volkano 2, mkaa 1, usumba 1. Huu ndio mchanganyiko wangu wa kila siku.

Kwa mbuyu na adeniamu: vigae 4, kokoto 3, mkaa 1. Usumba usiwepo kabisa.

Kwa mzambarau, au kwa mti wowote unaokaa kwenye roshani yenye upepo na mwenyewe hayupo mchana: vigae 4, mawe ya volkano 1, mkaa 1, usumba 2.

Mvinje upe vigae 3, kokoto 4 na mkaa 1.

Mti mchanga unaotaka unene shina usiuweke kwenye chungu bapa bado. Upande kwenye ndoo iliyotobolewa au kikapu cha plastiki chenye matundu kila upande. Pale kina kinakusaidia, na unaweza kutumia mchanganyiko wa bei nafuu zaidi: nusu vigae na kokoto, nusu usumba na mboji iliyoiva na kuchekechwa.

Hatua ya 5: Pima hewa kwa maji

Usiamini macho, wala usiniamini mimi. Vigae vyako si vyangu. Kipimo hiki kinachukua dakika ishirini na kimeniokolea miti.

Chukua chungu chenyewe utakachopandia, kwa sababu kina ndicho kinachoamua. Ziba matundu kwa utepe kutoka nje. Kijaze maji hadi ukingoni kwa kikombe cha vipimo ukihesabu, tuseme yameingia mililita 2,000. Mwaga. Sasa kijaze mchanganyiko ulioloweshwa, ukigonga kuta mara chache ushuke. Mimina maji polepole mpaka yatokeze juu, acha dakika kumi, ongeza yaliyopungua. Kishike juu ya beseni, toa utepe, acha yachuruzike mpaka yakome, bila kukiinamisha. Pima maji yaliyotoka.

Yakiwa mililita 400 kati ya 2,000, hewa yako ni asilimia 20. Kwa miti ya katikati, hapo ni pazuri. Chini ya 15 rudi kwenye chekeche, kuna vumbi limebaki au punje ni ndogo mno kwa kina hicho. Kwa adeniamu na mbuyu natafuta 25 au zaidi. Ikizidi 35 kwa fikasi, jiandae kumwagilia mara mbili hadi tatu kwa siku mwezi wa Februari, au ongeza usumba.

Hatua ya 6: Panda

Wakati mzuri kwa miti mingi ya huku ni mwishoni mwa Septemba hadi Novemba, joto likipanda na mti ukiwa na nguvu ya kuotesha mizizi mipya. Mbuyu uhamishe kabla tu haujatoa majani. Juni na Julai, wakati wa kipupwe, miti mingi imepunguza mwendo, iache ipumzike.

Funika matundu kwa vipande vya wavu wa mbu, pitisha waya wa kufungia mti. Toa udongo wa kitaluni kwenye mizizi kwa kijiti cha mshikaki na maji. Watu wengi wanauacha ule mpira wa udongo katikati kwa huruma, kisha wanajaza mchanganyiko mpya pembeni. Matokeo yake ni kwamba pembeni kunakauka na katikati kunabaki tope, au katikati kukishakauka maji yanapita pembeni bila kuingia. Kama mti ni dhaifu, safisha upande mmoja mwaka huu na wa pili mwaka ujao. Kama una afya, safisha wote.

Weka kichuguu kidogo cha mchanganyiko, kalisha mti juu yake, ufunge kwa waya usitikisike. Jaza pembeni, na kwa kijiti kile kile shindilia punje ziingie kati ya mizizi, kwa kuchokonoa na si kwa kubonyeza na viganja. Mwagilia mpaka maji yanayotoka chini yawe safi. Uweke kivulini wiki mbili hadi tatu.

Hatua ya 7: Maji, chakula na masika

Chomeka kijiti cha mshikaki kwenye chungu na ukiache humo. Kukitoa na kukigusa shavuni kunakwambia unyevu wa chini vizuri zaidi kuliko kuutazama uso wa juu, ambao kwa vigae hukauka ndani ya saa moja. Ukimwagilia, mwagilia mpaka yatoke chini, ili chumvi zioshwe. Kwenye mitaa mingi ya karibu na bahari maji ya kisima yana chumvi, unaionja ulimini. Kingo za majani zinaungua na mtu analilaumu jua. Kusanya maji ya mvua kwenye mapipa wakati wa masika na vuli uyatumie kwa miti yako ya thamani, au tumia ya bomba.

Mchanganyiko huu hauna chakula. Hilo ni zuri, kwa kuwa chakula unakitawala wewe, lakini ukisahau mti utadumaa. Natumia mbolea ya NPK inayoyeyuka, nusu ya kipimo cha kwenye mfuko, kila baada ya wiki mbili kuanzia Septemba hadi Mei, na daima juu ya udongo ambao tayari una unyevu.

Mvua za masika zikishika mwezi wa Aprili, chomeka kipande cha tofali chini ya upande mmoja wa chungu kiiname. Ni ile sifongo uliyoisimamisha: ukikiinamisha, upande mmoja unakuwa mrefu zaidi na maji mengi yanatoka. Adeniamu na mbuyu ziingize chini ya paa kabisa.

Baada ya miaka miwili au mitatu fikasi itakuwa imejaza chungu mizizi na usumba utakuwa umeoza. Hamisha, lakini usitupe vigae. Chekecha tena, osha, anika juani, vinarudi kazini pamoja na mkaa na kokoto. Kagua mizizi kwanza. Ukiona vinundu vimeivimbisha, kuna uwezekano ni minyoofundo, minyoo midogo inayoshambulia mizizi, na mchanganyiko huo usiupeleke kwenye chungu kingine kabla ya kuumwagia maji yanayochemka. Mvinje ndio pekee katika orodha yangu usioutendea hivyo: vinundu vyake vina bakteria wanaoupa naitrojeni, kwa hiyo chota konzi moja ya punje zake za zamani, uichanganye na mpya.